Kusaka sarafu na masalia kwa detekta kwenye madaraja ya mbao yenye paa, Marekani (uzi maalumu)

#1 MkaziWaConcord (mleta uzi)

Wakuu, heshima mbele. Niliweka picha ya senti kubwa ya shaba kwenye uzi wa wakusanya sarafu, PM (ujumbe wa faragha) zikajaa: umeipata wapi, unatumia detekta gani (mashine ya kutafuta metali ardhini), na hayo madaraja yenye paa ni kitu gani. Najibu kwa pamoja hapa. Ni ndefu, msomaji jipange.

Naishi New Hampshire, kaskazini mashariki mwa Marekani. Huku na kwa jirani zetu Vermont bado yapo madaraja ya mbao ya karne ya 19 yenye kuta na paa. Ukiingia na gari unadhani umeingia ghalani. Pennsylvania ndiyo inaongoza, ina karibu 200. Vermont ina takriban 100, na kaunti moja tu ya Indiana, Parke, ina 31. Paa halikuwekwa ili msafiri asilowe. Lilikuwa la kulinda mihimili. Mbao inayobeba mzigo ikilowa na kukauka kila msimu huanza kuoza kwenye viungio, na daraja la wazi lilikuwa likichoka ndani ya miaka 10 hadi 20. Likifunikwa linavuka karne. La kwanza linalojulikana Marekani lilivuka mto Schuylkill pale Philadelphia, likafunguliwa 1805. Baada ya hapo mafundi wakawa wanashindana kwa hataza: Theodore Burr na tao lake, Ithiel Town mwaka 1820 na ukuta wa mbao zilizokingamana kama wavu, William Howe mwaka 1840 akaingiza fito za chuma za wima. Huyo Howe mkumbuke, maana vyuma vyake utavisikia sana kwenye hedifoni.

Sasa hoja yangu, na ndiyo iliyonifanya nifungue uzi. Wengi wanaoanza kazi hii hukimbilia chini ya daraja. Wanaona ni mantiki: watu walipita juu kwa miaka mia, vitu vikapenya kwenye mbao vikaanguka. Mimi nasema anayepita hadondoshi kitu. Anayedondosha ni aliyesimama. Akisimama anatia mkono mfukoni, anavua koti, anainama kukaza mkanda wa farasi, anakaa kwenye majani, anasahau. Kwa hiyo usilitafute daraja. Tafuta mahali watu waliposimama kwa sababu ya daraja.

Chukua daraja la Cornish–Windsor, linalounganisha New Hampshire na Vermont juu ya mto Connecticut. Lina urefu wa karibu mita 137. Lilijengwa 1866, na ni la nne mahali pale. La kwanza lilikuwa la 1796, na la tatu lilichukuliwa na mafuriko ya Machi 1866. Hadi leo juu ya mlango wake kuna kibao kinachosema tembeza farasi wako taratibu, ukikaidi faini dola mbili. Wanyama wakikimbia kwa hatua za pamoja daraja linatikisika. Na lilikuwa daraja la kulipia hadi 1943. Fikiria maana yake: kila mkulima, kila mchuuzi, kila mwenye kundi la kondoo alifika mlangoni akasimama, akafungua mfuko, akahesabu chenji, pengine gizani, pengine vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Sisemi mwende mkachimbe pale, na chini nitaeleza kwa nini msifanye hivyo. Nalitaja kwa sababu linaonyesha vizuri jinsi pesa ilivyokuwa inaanguka.

Madaraja mengine hayakuwa na mtoza ushuru, lakini watu walisimama vilevile. Karibu kila daraja lilikuwa na kijinjia cha pembeni kinachoshuka mtoni, ambako farasi na maksai walinyweshwa. Hapo mwenye mnyama alisubiri. Mara nyingi kulikuwa na kinu jirani, cha kusaga nafaka au kupasua mbao, na watu wakasubiri zamu. Upande wa chini wa daraja maji huwa na kina, kwa hiyo vijana waliogelea hapo wakiacha suruali juu ya jiwe. Na wakati wa mvua za radi wasafiri walijibanza mlangoni wakingoja mvua ikatike. Hayo ndiyo maeneo yangu: ngazi ya kwanza ya mteremko, kivuli cha mti mkubwa, ukingo tambarare kabla ya barabara kupanda.

Jambo la majira ya baridi watu wengi hawalijui. Sleji (gari la kuteleza kwenye theluji, halina magurudumu) haiendi juu ya mbao kavu, na ndani ya daraja lenye paa theluji haiingii. Kwa hiyo mji ulilipa mtu wa kumwaga theluji ndani ya daraja kwa makusudi, ili sleji zipite. Ndiyo maana kwenye njia za kuelekea madaraja tunapata njuga za sleji, zile za duara za shaba zenye kokoto ya chuma ndani. Nyingine ukiitikisa baada ya kuisafisha udongo bado inalia.

#2 MkaziWaConcord (mleta uzi)

Naendelea. Sarafu gani?

Hapa ni lazima ujue historia ya pesa, la sivyo utasimama kwenye eneo zuri ukadhani halina kitu. Mpaka mwaka 1857 sarafu za fedha za Kihispania, zinazoitwa reale, zilikuwa halali kisheria Marekani. Reale mbili zilikubalika kama robo dola. Kwa hiyo kwenye daraja la miaka ya 1820 au 1830, fedha utakayookota ina nafasi kubwa ya kuwa imegongwa Mexico au Potosi (Bolivia ya leo), imesuguliwa mpaka uso wa mfalme umebaki kivuli. Pamoja nayo kuna senti kubwa ya Marekani, shaba tupu, upana wa milimita 27 hadi 29, iliyogongwa 1793 hadi 1857. Ndiyo ile ya kwenye picha yangu.

Halafu Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vikaja. Mwaka 1862 watu waliogopa, wakaficha dhahabu na fedha ndani, na sarafu zikapotea sokoni karibu kabisa. Watu walilipana kwa stempu za posta, kwa vidude vya shaba vilivyogongwa na wenye maduka, na serikali ikatoa noti ndogondogo za senti, zikatumika mpaka 1876. Ona sasa: daraja lililojengwa 1866 lilianza maisha yake wakati chenji ya fedha haipo mifukoni. Noti ikianguka inaoza. Mtu anayesaka kwenye daraja la umri huo akakosa fedha za miaka ile asiseme eneo limekwishachukuliwa. Atapata senti ya shaba yenye kichwa cha Mhindi Mwekundu, iliyotolewa 1859 hadi 1909, atapata kipande cha senti mbili cha 1864 hadi 1873, atapata nikeli ya ngao (senti tano) iliyoanza 1866. Fedha zinarudi ardhini kwa wingi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870, na kila dime (senti kumi), robo na nusu dola ya mpaka 1964 ina fedha asilimia 90.

Mimi hupenda hii sehemu kuliko kuchimba kwenyewe. Ardhi inakuambia hali ya uchumi ya mwaka fulani kwa kitu kisichokuwepo.

Lakini msidhani ni sarafu tu. Kwa kila sarafu moja utatoa vifungo bapa vya shaba, vifungo vya hatamu, vijiko, vidonge vya risasi, na misumari mpaka uchoke. Kitu ninachokipenda sana ni kiatu cha maksai. Farasi ana kwato moja, kiatu chake ni kimoja cha mviringo. Ng'ombe kwato yake imepasuka, kwa hiyo kiatu chake kinakuja vipande viwili, kila kipande umbo la koma nene yenye matundu ya misumari upande wa nje. Ukikishika kipande hicho unajua hapa walipita maksai wakivuta magogo, kabla farasi hawajachukua kazi hiyo.

Mashine. Detekta inafanya kazi hivi: koili ya chini inarusha uga wa sumaku, metali iliyo ardhini inazalisha mkondo mdogo wa umeme, koili inaupokea, na mashine inapima umechelewa kiasi gani. Shaba na fedha zinachelewesha kwa namna moja, chuma cha kawaida kwa namna nyingine, na kioo kinakupa namba. Kazi ni rahisi kwenye uwanja mtupu. Kwenye daraja ni vita, kwa sababu umezungukwa na misumari, boliti, mabati ya paa la zamani, na zile fito za Howe. Chuma kikubwa kinameza sauti ya sarafu iliyo jirani. Tatizo hili ni la tangu mwanzo wa teknolojia yenyewe: mwaka 1881 Alexander Graham Bell alijaribu kutafuta risasi mwilini mwa Rais Garfield kwa kifaa cha aina hii, na spring za chuma za kitanda zikamvuruga.

Kwa hiyo: koili ndogo, ya inchi sita hivi, ili ione eneo dogo kwa wakati mmoja. Punguza nguvu ya mashine, usiipandishe. Tembea polepole kuliko unavyodhani inahitajika. Ukipata sauti nzuri, zunguka nyuzi 90 uipitie upande mwingine. Msumari uliopinda unalia vizuri upande mmoja na kukwaruza upande wa pili, sarafu inalia sawa pande zote. Mashine ya kuanzia inapatikana kwa dola 200 au 300, na zinazotumia masafa (frikwensi) mengi kwa pamoja zinazidi hapo mbali. Ukishapata sauti, tumia detekta ndogo ya mkononi kujua iko wapi hasa ndani ya shimo, usije ukaikata kwa sepeto.

#3 KijanaWaKahama

Mkuu umetisha. Nimeweka kambi hapa. Swali: sisi huku tuna mashine za kupimia dhahabu, zile za bei mbaya zinazokwenda chini. Ukiipeleka kwenye sarafu si itakuwa balaa? Maana inasikia hata punje.

#4 MkaziWaConcord (mleta uzi)

Mkuu wa Kahama, zile nyingi za kwenda chini zinafanya kazi kwa mapigo: zinapiga uga, zinakata, zinasikiliza. Zinavumilia udongo mwekundu wenye chuma kingi na ndiyo sababu wachimbaji wa huko wanazipenda. Shida ni kwamba hazitenganishi vizuri msumari na sarafu. Huko porini Kahama misumari ni michache, unachimba kila sauti. Hapa kwenye daraja la miaka 150 ukichimba kila sauti utafukua barabara nzima, na hakuna mwenye shamba atakayekuruhusu urudi. Kwa kazi hii unataka mashine inayobagua, hata kama haiendi chini sana. Sarafu nyingi ziko sentimita 10 hadi 20 tu.

#5 MzeeWaIramba

Vijana hamjambo. Mleta uzi, umesema maneno ya maana. Huku kwetu kuna watu wanazunguka na ramani na hizo mashine wakisema wanatafuta mali ya Mjerumani, rupia zilizofukiwa wakati wa vita. Kuna jamaa yangu aliuza ng'ombe ili achangie "mashine ya Mjerumani". Hakuna kilichotoka. Je, hizo rupia zipo au ni hadithi?

#6 MkaziWaConcord (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu. Pole kwa huyo ndugu.

Sarafu za Mjerumani zipo, ni za kweli, na zinajulikana moja moja. Tangu 1904 rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani iligawanywa katika heller 100, na heller za shaba zilitolewa kwa wingi. Mpaka leo zinaonekana kwa wazee. Vita ilipokatiza meli, mwaka 1916 waligonga sarafu Tabora kwenye karakana ya reli: heller za shaba na shaba njano, na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo. Dhahabu yake ilitoka Sekenke, huko kwenu Iramba, mzee. Ziligongwa chache, 16,198, na zilitolewa zitumike kulipia. Sarafu iliyotolewa kulipia watu inatawanyika, inauzwa, inayeyushwa. Mtu anayekuonyesha ramani ya sanduku na kuomba mchango wa mashine anatafuta mchango.

Na kingine, mzee, kwa faida ya wote: Tanzania tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Huwezi kuchimba kutafuta vitu vya kale bila kibali. Kenya nako kuna Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006. Tusiichukue starehe ya huku tukaipeleka Kilwa au Gede kichwa kichwa. Pale Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 wanaakiolojia walitoa sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zikiwa pamoja mahali pamoja, zikapimwa, zikasomwa majina ya watawala. Fikirini kama mtu angezitoa usiku kwa sepeto akaziuza kwa kilo.

#7 BintiWaMjiMkongwe

Asalaam aleykum. Mimi si mtu wa mashine, ila nimeguswa na ile habari ya reale za Kihispania. Huku Unguja bibi zetu walikuwa na riali ya Maria Theresa ya 1780, ileile tarehe kila moja, wakiitoboa wakavaa. Kumbe na wao Wamarekani walikuwa wanatumia pesa ya watu wengine. Je, kuna uhusiano wowote kati ya huko uliko na huku, au mimi naunganisha tu?

#8 MkaziWaConcord (mleta uzi)

Waaleykum salaam dada. Uhusiano upo, tena wa karibu. Aliyetia saini mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said, mwaka 1833, ni Edmund Roberts, mfanyabiashara wa Portsmouth, New Hampshire. Ni mji wa jimbo hili hili, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka ninapokaa. Mwaka 1837 konsuli wa kwanza wa Marekani akafika Unguja, Richard Waters wa Salem, Massachusetts. Meli za Salem zilileta nguo ya merikani, zikaondoka na pembe, karafuu na sandarusi.

Na merikani ilifumwa kwenye viwanda vya New England (majimbo haya ya kaskazini mashariki) vilivyozungushwa kwa nguvu ya mito. Mto Merrimack unapita hapa Concord na unakwenda hadi Lowell, ambako viwanda vilijaa. Pamba ilisafirishwa, vitambaa vilisafirishwa, na mikokoteni ilivuka kwenye madaraja ya aina hii. Kwa hiyo nikipata reale iliyosuguliwa kando ya mto huku, naiona ni ya ulimwengu uleule uliokuwa unahesabu riali kwenye forodha ya Unguja.

#9 MkaziWaConcord (mleta uzi)

Sasa ile picha, maana wengi mmeiulizia.

Madaraja bora kwa msaka sarafu ni yale ambayo hayapo tena. Mafuriko ya Novemba 1927 yalibeba madaraja zaidi ya 1,200 Vermont peke yake. Yakaja ya 1936, kikaja kimbunga cha 1938. Mengi hayakurudishwa; barabara ilihamishwa, daraja la chuma likajengwa juu kidogo au chini kidogo, na pale pa zamani pakabaki misingi miwili ya mawe msituni, huku na ng'ambo, ikitazamana. Hapo hakuna lami, hakuna magari, hakuna makopo ya bia ya juzi.

Kuyapata, tumia ramani. F. W. Beers alichapisha atlasi za kaunti za Vermont kati ya 1869 na 1878, na zinaonyesha kila barabara, kila kinu, na jina la mwenye kila nyumba. Nyingi unaweza kuziona bure mtandaoni. Weka ile ramani juu ya picha ya setilaiti ya leo. Barabara ya zamani ikifika mtoni mahali ambapo leo hakuna kuvuka, umepata.

Hii ya kwangu ilikuwa kwenye shamba la bibi mmoja. Nilibisha hodi, nikamwonyesha ramani kwenye simu, akaniambia baba yake alikuwa anasema "daraja la kwanza" na yeye hakuwahi kujua lilikuwa wapi. Tukashuka naye mpaka ukingoni. Sikugusa misingi yenyewe. Nilianza kama hatua thelathini kutoka mtoni, pale ardhi inapolala kabla ya mteremko. Kipande cha kiatu cha maksai kilitoka kwanza, halafu kingine. Halafu sauti ya juu, laini, ileile pande zote mbili. Nilikata udongo pande tatu nikaukunja kama kifuniko, majani yake yakiwa mazima. Donge lilipopasuka likaonekana ukingo wa kijani kibichi. Nilimpa bibi alishike hivyo hivyo na udongo wake. Baada ya kulowekwa kwenye maji safi ilisomeka 1838, uso wa Liberty (mwanamke anayewakilisha uhuru) umeliwa upande mmoja, nyuma shada la majani na maneno ya senti moja bado makali.

Kuliwa kule ni kwa udongo. Misonobari ya huku inafanya ardhi kuwa na asidi, na asidi inaila shaba. Fedha inavumilia. Ndiyo maana nawasihi: ukitoa sarafu ya shaba usiisugue kwa kidole, wala kwa mswaki, wala usiitie ndimu. Ule ukoko wa kijani na kahawia ndio unaobeba maandishi. Ukiondoka unaondoka nayo. Na fedha nayo ina mchanga juu yake. Ukiipangusa kwa gumba unaikwaruza. Maji tu, na subira.

Sarafu ile ipo kwa bibi. Nilipiga picha, nikaandika mahali ilipotoka na kina chake, nikamwachia nakala ya ramani.

#10 MamaNeema_Winooski

Kaka, asante sana kwa huu uzi. Sisi tuko Winooski, Vermont, tulitoka Bukavu. Watoto wangu wanapenda sana hayo madaraja, na mkubwa ameomba hiyo mashine kwa siku yake ya kuzaliwa. Naogopa. Sisi ni watu weusi, ni wageni, tutaonekana tunachimba kwa watu na vifaa. Unafanyaje? Na sheria inasema nini? Sitaki mtoto aitiwe polisi kwa sababu ya senti.

#11 MkaziWaConcord (mleta uzi)

Mama Neema, hofu yako ni ya haki na nitaijibu kwa kirefu.

Kwanza sheria. Ardhi ya serikali kuu ya Marekani na ardhi ya mataifa ya Wahindi Wekundu ni mwiko. Sheria ya Kulinda Mali za Kiakiolojia ya 1979 inakataza kuchimba huko bila kibali vitu vya kale vya umri wa miaka 100 na zaidi, na adhabu yake ni ya jinai. Ndani ya hifadhi za taifa hata kuwa na detekta ambayo haijafungashwa ni kosa. Medani nyingi za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe ziko humo. Madaraja kama Philippi, West Virginia, ambako mapigano yalitokea Juni 1861, au Sachs pale jirani na Gettysburg, mnaenda kutembea na kupiga picha, mashine ibaki nyumbani. Mapito hayo yana historia ambayo risasi moja ikihamishwa sentimita chache bila kuandikwa, habari yake imekufa.

Ardhi ya jimbo na ya mji ina taratibu zake, hazifanani. Kipande cha barabara kinachofika darajani mara nyingi kiko chini ya mamlaka ya mji au jimbo, na chini ya mito mikubwa mara nyingi ni mali ya jimbo. Nenda ofisi ya mji, uliza, waombe wakuandikie. Na hata ukiruhusiwa, usichimbe kabisa kwenye misingi ya mawe wala ukingoni panapoishika. Maji yakipata tundu hapo yanakula. Madaraja haya yanakufa kwa maji: Agosti 2011 kimbunga Irene kiliondoka na lile la Bartonsville la 1870 huko kwenu Vermont, na lile la Blenheim la 1855, New York, siku hiyohiyo. Watu walilia.

Kwa hiyo kwa mtoto nashauri ardhi binafsi tu, kwa ruhusa. Ruhusa unaiomba mchana, si jioni, na mashine ikiwa ndani ya gari. Nenda naye. Mwache aseme yeye. Shika ramani ya zamani mkononi, maana ramani yenye jina la mwenye nyumba wa 1870 ndiyo inayofungua mlango. Mtu anataka kuona shamba lake lilivyokuwa. Muahidini mambo matatu na myatimize: mashimo yatafungwa, kila kitu ataonyeshwa kabla hamjaondoka, na kile anachokitaka kibaki kwake. Akikubali, omba aandike kwenye karatasi, hata mstari mmoja, na namba yake ya simu. Jirani akisimama kuuliza mnaonyesha karatasi. Mimi nimekataliwa mara nyingi, kwa heshima na bila heshima, na nimeondoka. Lakini waliokubali wengi wao wamekuwa watu wa kunipigia simu.

Mavazi: nguo za rangi angavu, suruali ndefu, soksi juu ya suruali. Kupe wa huku wanaleta ugonjwa wa Lyme, ambao umepewa jina la mji wa Connecticut. Mkirudi mkague mtoto mwili mzima, nyuma ya magoti, kwapani, nyuma ya masikio. Hilo ni muhimu kuliko mashine.

#12 KijanaWaKahama

Mkuu na mtoni kwenyewe je? Sisi tunajua dhahabu inalala kwenye mikunjo ya mto. Sarafu hazifanyi hivyo?

#13 MkaziWaConcord (mleta uzi)

Zinafanya, kanuni ni ileile: kilicho kizito kinatua pale maji yanapopunguza mwendo, nyuma ya mwamba mkubwa, kwenye nyufa za jiwe la chini, ndani ya mkunjo. Lakini sarafu ya mtoni imesuguliwa na changarawe, mara nyingi unapata duara laini tu. Na ni pale ambapo suala la umiliki linakuwa gumu, kama nilivyomwambia Mama Neema. Mimi mtoni siingii.

#14 MamaNeema_Winooski

Asante kaka. Mkubwa amesoma yote. Anauliza aanze lini, maana ameshaona daraja lililokufa kwenye ile ramani ya Beers, na shamba lina watu.

#15 MkaziWaConcord (mleta uzi)

Mwambie mwenye shamba apigiwe hodi sasa, kazi ianze Aprili. Desemba mpaka Machi ardhi ya Vermont imeganda, sepeto haiingii na ukilazimisha unavunja majani yasiote tena. Aprili udongo uko laini, nyasi ni fupi, na maji ya theluji yanafanya ardhi isikike mbali zaidi. Akitaka, aniandikie PM kupitia kwako, nimtumie orodha ya sauti za vitu vya kawaida nilivyorekodi: msumari, kifungo, kiatu cha maksai, senti kubwa. Azisikilize wakati wa baridi mpaka azizoee.